Mtoto Mdogo na Shule ya Ng'ambo

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipigiwa simu mbili, na zote zilihusu mtoto mmoja.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mdogo wangu wa kike aliyeko Bukoba mjini. Amepata kazi Kampala kwa mkataba wa miaka mitatu. Akaniambia, "Kaka, wewe ulisoma Uganda ukiwa mdogo. Nitafutie mtoto shule nzuri ya bweni huko, nisije nikahangaika." Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka 6, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yametoka.

Simu ya pili ilitoka kwa mama yetu, kijijini Kagoma, wilayani Muleba. Habari zilikwisha mfikia. Akasema, "Mwanangu, mwambie mdogo wako asimsumbue mtoto na mipaka. Amwache hapa kwangu. Shule ipo, maziwa yapo."

Nikajikuta kati ya mama na binti yake, kila mmoja akisubiri nimwambie mwenzake kwamba amekosea. Kabla ya kuwajibu nilirudi nyuma kidogo, nikatazama jinsi sisi watu wa Kagera tulivyoanza kuvuka mpaka kwa ajili ya shule, nani walivuka, na walivuka wakiwa na umri gani. Naona jambo hili linawahusu wazazi wengi, kwani siku hizi hapiti mwezi bila kusikia kwamba fulani amehamia Kampala, Nairobi, Muscat au London, na swali la kwanza ni hilo hilo: mtoto atasoma wapi?

Tuanze na mpaka wenyewe. Tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi zetu. Upande wa magharibi wa ziwa mstari wao ulifuata digrii 1 kusini mwa ikweta. Mwaka huo huo Emin Pasha akajenga kituo cha Wajerumani Bukoba. Kabla ya hapo, mtu wa Buhaya aliyekwenda Buganda kwa mtumbwi au kwa miguu alikwenda kwa jirani, akiongea lugha iliyo karibu na ya kwake. Baada ya hapo akawa amekwenda nchi ya watu.

Lakini mstari wa kwenye karatasi haukuzuia shule. Kwa hakika shule yenyewe ilitufikia kutoka upande wa pili. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda, ambako vita vya dini vilikuwa vimewatawanya. Hali kadhalika kwa Waprotestanti. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma kwa vitabu vya Kiganda, kwa maana Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari tangu mwaka 1896. Kwa hiyo mazoea ya kudhani kwamba elimu hutoka kaskazini si ya jana. Yana umri wa zaidi ya miaka 100.

Hata hivyo ipo habari ambayo vijana wengi wa kwetu hawaijui. Mwaka 1904 ilianzishwa seminari ya Rubya, katika Ihangiro, ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Mwaka huo huo wavulana wa kwanza wa Rwanda waliotaka upadri waliletwa kusoma hapo, kwa kuwa kwao hapakuwa na seminari. Wakati ule ng'ambo ilikuwa kwetu! Walitembea kwa miguu kupita milima na mito hadi nchi ya migomba na kahawa, wakasoma Kilatini pamoja na vijana wa Kihaya. Mwaka 1913 seminari ikafunguliwa kwao Kabgayi, na mwaka 1917 wawili wa mwanzo, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, wakapewa upadri. Hesabu mwenyewe, msikilizaji: tangu safari ya kwanza hadi upadri ni miaka 13. Na wengi walioanza nao safari hawakufika mwisho.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, inatukumbusha kwamba nchi ya kigeni na nchi ya nyumbani hubadilishana nafasi. Pili, wale hawakuwa watoto wa kunyonya. Walikuwa wavulana waliokwisha kujua kwao ni wapi, waliokwisha kuimba nyimbo za kwao na kusalimia wakubwa kwa adabu ya kwao. Walikwenda Rubya wakiwa na lugha yao kamili kinywani, nayo ikarudi pamoja nao.

Tazama na mfano wa Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa. Alizaliwa mwaka 1912 Bukongo, Kamachumu, akasoma Rubya, karibu na kwao. Baadaye, akiwa kijana mtu mzima, akavuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo karibu na Masaka, iliyoanzishwa mwaka 1911. Akapadrishwa Desemba 1943, akaenda Roma kwa masomo zaidi, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali. Askofu Josiah Kibira wa Kanisa la Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1925, naye alikwenda kusoma Ujerumani na Marekani akiwa amekwisha kuwa mtu wa kazi na majukumu. Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia.

Upande wa serikali mambo yalikuwa hivyo hivyo. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922, na Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake mpaka Oktoba 1961. Kijana wa Tanganyika aliyefaulu sana, awe wa Bukoba, Moshi au Musoma, alisafiri kwenda Uganda. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, akiwa amepita miaka 20.

Fedha za safari hizo zilitoka wapi? Kwa watu wa kwetu, jibu ni kahawa. Mzee aliyekuwa na kibanja chenye mibuni mia kadhaa aliweza kulipa karo, na asiyeweza alichangiwa na ukoo. Chama cha Wahaya kilichoanzishwa mwaka 1924 kilidai shule mapema sana, na ulipokuja ushirika wa BNCU mwaka 1950, elimu ilikuwa ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya mkulima ahesabu debe zake kwa makini. Watu hucheka wakisema Mhaya anapenda shule. Wacheke tu. Kupenda shule hakujawahi kuwa kosa.

Kosa liliingia baadaye, na nitaeleza lilivyoingia, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliobebwa nalo.

Mwaka 1967 Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1969 shule za misheni zikawa za taifa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kila mtoto asome, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikaanza rasmi. Yalikuwa mambo makubwa, na mimi siungani na wanaoyabeza. Watoto wa maskini waliingia darasani kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na mkoa wetu ukawa uwanja wa vita hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita ikaja dhiki ya miaka ya 1980: madawati yakaisha, vitabu vikaisha, watoto wakaandika wakiwa wamekaa sakafuni.

Mzazi mwenye uwezo kidogo alipotazama huku na huku, aliona kwamba shule binafsi ya msingi ya kufundisha kwa Kiingereza haikuruhusiwa kwa watoto wa Kitanzania. Zilikuwapo chache sana, na karibu zote ni za watoto wa wageni. Wakati huo huo, baada ya Januari 1986 serikali mpya iliposhika Kampala, amani ilirejea kusini mwa Uganda na shule zikafunguliwa upya. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kilometa zipatazo 300. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300. Mzazi akafanya hesabu, akamfunga mtoto begi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, msikilizaji. Zamani waliovuka walikuwa vijana waliopevuka. Sasa walivuka watoto wa miaka 7 na 8, peke yao, kwenda kulala bwenini katika nchi ambayo hawana shangazi wala mjomba. Arusha na Moshi walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwa kupeleka watoto Kenya.

Mimi nilivuka Mutukula Januari 1991 nikiwa na miaka 8. Marehemu baba alikuwa karani katika chama cha msingi cha kahawa. Alikwenda kuiona shule mara moja tu, akarudi akisifu majengo, sare na Kiingereza cha mwalimu mkuu. Sikumbuki kama alieleza ni nani angetulaza usiku. Shule yenyewe sitaitaja, kwani haikuwa mbaya kuliko nyingine za aina yake. Kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Katika mwezi wa kwanza nilikivaa karibu kila siku, kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Mwezi wa pili nikaacha kusema. Walimu wakaandika katika ripoti kwamba nina tabia njema.

Baba alipoisoma ripoti ile alifurahi. Namwelewa. Alikuwa anauza kahawa na kunyima nyumba nyama ili mwanawe apate alichokosa yeye. Lakini nilipomaliza darasa la saba mwaka 1996 na kurudi kuanza kidato cha kwanza mkoani Kagera, jaribio langu la kwanza la Kiswahili nilipata alama 11 kati ya 100. Wenzangu wakaniita Mganda. Nyumbani Kagoma, bibi mzaa baba alikuwa akinieleza jambo, kisha anamgeukia binamu yangu ili anieleze tena polepole. Alifariki mwaka uliofuata. Mambo mengi aliyotaka kuniambia sikuyapata, na hakuna shule iliyonifidia.

Kiswahili hiki unachonisikia nacho leo nilikijifunza ukubwani, kwa jasho, nikisikiliza redio usiku. Wapo waliosoma kama mimi wakafanikiwa vizuri zaidi yangu, na wanawashukuru wazazi wao. Siwapingi. Ninachosema ni kwamba safari ile ilikuwa na bei ambayo haikuandikwa kwenye risiti ya karo.

Sasa turudi kwa simu ya mama yangu. Je, jibu si kumwacha mtoto kwa bibi? Hapa napo Kagera ina historia yake, na ni ya machungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage. Miaka iliyofuata, katika vijiji vya Bukoba na Muleba, bibi wengi waliachiwa wajukuu watano, sita, saba, kwa kuwa wazazi walikuwa wamelala migombani. Bibi wa Kagera wameilea mikoa, si nyumba zao tu. Mama yangu ni mmoja wao: aliwalea watoto watatu wa dada yake. Sasa amepita miaka 70, na magoti yanamsumbua. Anapojitolea kumchukua na huyu, anasema kwa upendo, lakini sisi wanawe hatuna ruhusa ya kuugeuza upendo huo kuwa mazoea. Bibi aliachiwa watoto wakati ule kwa sababu wazazi hawakuwapo. Mama wa mtoto huyu yupo.

Kwa bahati njema, nyakati zimebadilika. Sababu iliyomsukuma baba yangu imekwisha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka bayana kwamba watu binafsi wanaweza kuendesha shule, na leo shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zipo Bukoba mjini na hata Muleba. Hakuna tena haja ya kumvusha mtoto mdogo mpaka kwa ajili ya lugha. Aidha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inampa mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki ya kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake. Soma vizuri neno hilo: kufuatana. Baba yangu hakuwa na haki hiyo wala hakuwa anahama. Mdogo wangu anahama, na haki anayo.

Kwa hiyo jibu nililompa mdogo wangu ni hili. Nilimwambia kwanza atafute nyumba, ndipo atafute shule. Hata nchi za mbali zinatufundisha hivyo bila kukusudia. Uingereza mtoto huanza shule Septemba baada ya kutimiza miaka 4, na nafasi huombwa kupitia halmashauri ya mahali unapoishi. Ujerumani ni lazima mtoto wa miaka 6 awe shuleni, na mara nyingi shule ya msingi hupangwa kufuatana na mtaa. Mwenye anwani ndiye mwenye shule. Kampala huna sharti hilo, lakini una msongamano wa magari. Mtoto wa miaka 6 akiamshwa saa 10 alfajiri kuwahi basi la shule maarufu, atasinzia darasani. Shule ya kawaida iliyo umbali wa kutembea ni bora kuliko shule ya sifa iliyo upande wa pili wa mji.

Pili, nilimwambia achague shule ya kutwa. Mtoto ale chakula cha usiku na mama yake. Siku ya kutazama shule asiangalie majengo peke yake, kama marehemu baba. Aulize wapo watoto wangapi darasani, aulize choo kikoje, aulize mtoto mgeni asiyejua lugha husaidiwa vipi wiki za kwanza. Kisha asimame nje wakati wa mapumziko, asikilize watoto wanavyoongea na walimu.

Tatu, karatasi. Abebe cheti cha kuzaliwa, hati ya kusafiria ya mtoto, kadi ya chanjo, barua ya uhamisho na ripoti ya shule ya awali, na aulize mapema kuhusu pasi ya mwanafunzi. Akumbuke pia kwamba mwaka wa masomo Uganda huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, nyuma kidogo ya kwetu, na kwamba elimu yao ya msingi ni miaka 7, ilhali sera yetu, toleo la mwaka 2023, imeweka miaka 6. Mkataba wa miaka mitatu utakwisha mtoto akiwa darasa la tatu au la nne. Atarudi. Kwa hiyo ajue tangu leo atarudi kwenye darasa gani, na kwa lugha gani.

Na hilo ndilo la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote. Tangu mwaka 2007 shule za msingi za Uganda zinatakiwa kutumia lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo, ingawa Kampala, penye mchanganyiko wa makabila, Kiingereza ndicho kinachotawala. Kiswahili nacho, baraza lao la mawaziri lilikipitisha Julai 2022 kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima. Ni hatua njema, lakini agizo la serikali halimfundishi mtoto mezani. Nilimwambia mdogo wangu: shuleni Kiingereza, mtaani Kiganda, nyumbani Kiswahili na Kihaya, kila siku, bila aibu. Likizo ya Desemba, mtoto aje Kagoma wakati wa senene, akae na bibi yake mwezi mzima. Bibi asiwe mlezi wa shida, awe mwalimu wa likizo.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wazee waliotutangulia hawakuuacha mbacha wao. Waliukunja, wakausafiri nao hadi Katigondo, hadi Makerere, hadi Roma, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kua na mikono ya kuubeba. Mtoto wa miaka 6 hana mikono hiyo. Mzazi ndiye atakayembebea.

Mama nilimweleza haya kwa simu. Alikaa kimya, kisha akauliza kama nauli ya basi kutoka Kampala hadi Muleba kwa mtoto ni nusu. Nikamwambia nitauliza. Akasema, "Basi uliza. Na mwambie mdogo wako mtoto asije huku akanisalimia kama mgeni."